Vidonge Vinne vya Punda

Daktari wangu,

Leo asubuhi Mueni amepelekwa hospitali Kitui, uchungu umemshika. Mume wake Mbithi alinipigia simu, akasema maneno matatu manne, akakata. Nimefungua duka kama kawaida hapa Kwa Vonza lakini siwezi kuuza kitu. Mtu amekuja kutaka dawa ya minyoo ya mbuzi, nimemwambia arudi kesho, kwa sababu siiamini mikono yangu kupima chochote. Sasa nimekaa kwenye stuli yako nyuma ya kaunta, mlango nimeurudisha nusu, nakuandikia wewe. Hata mume wangu nimemweleza, akasema niombe Mungu. Naomba. Lakini yeye hajui ni kitu gani hasa ninachokiogopa. Wewe ungejua kabla sijamaliza sentensi.

Mueni hukuwahi kumjua. Aliolewa hapa baada ya sisi kukuzika kwenu kule Tulia. Mama mkwe wake unamkumbuka, Mama Mbithi, yule shemasi mwenye boma ng'ambo ya mto, aliyekuwa akikuletea maembe kila ukimtibia ng'ombe na kukataa kuyarudisha nyumbani ukisema yametosha. Habari hii ni ya boma hilo.

Kwanza nikwambie kwamba duka liko. Kibao cha nje bado kina jina lako, sikukibadilisha. Watu bado wanasema wanaenda "kwa Kilonzo," na wakifika wananiangalia mimi kana kwamba nimekushikia nafasi uende kunywa chai. Miezi ya kwanza nilikuwa nafanya kila kitu kama ulivyokuwa ukifanya, hata kukohoa kabla ya kutaja bei. Nilijiona nimeiva. Hapo ndipo niliporogwa na kichwa changu mwenyewe.

Wakati wa kiangazi choa kiliingia kwa Mama Mbithi. Kilianza kwa ndama wawili, yale mabaka ya kijivu kuzunguka macho na shingoni, kama mtu amewapaka majivu. Kikaenda kwa paka, kikaenda kwa punda. Mama Mbithi akaniita. Nilitembea na lile begi lako la ngozi, na njia nzima nilikuwa nakariri masomo yako kama mtoto anayeenda kwa mtihani. Ndama huwapi vidonge, kwa sababu ng'ombe ni maziwa na nyama, na kile unachomlisha ng'ombe umemlisha mtu. Ndama unampaka dawa, unamtoa kwenye banda la giza, unamwacha juani, na miezi miwili mitatu anapona mwenyewe. Paka ni mnyama wa kuogopa, maini yake ni madogo, na kapsuli moja ya mtu ukiigawa sawasawa inatosha paka sita na zaidi, kwa hiyo anayemtupia paka kapsuli nzima amemuua. Mbwa anahitaji dawa nyingi kwa kila kilo yake kuliko punda, ingawa punda ni mkubwa. Ulikuwa unanishika hapo kila mara. "Kavata, huzidishi tu," ulikuwa ukisema. "Kila mnyama ana hesabu yake."

Na juu ya yote, swali la kwanza kabla ya kufungua kopo: ana mimba?

Nililiuliza, Daktari. Nataka ujue kwamba nililiuliza.

Punda ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Jike, wamemnunua kwenye soko la Kambu, na ndiye anayewaletea maji wao na majirani. Choa kilikuwa kimemtapakaa shingo yote na mgongoni pale mitungi inapokaa, na kamba zilikuwa zimekichubua hadi nyama nyekundu. Walikuwa wamempaka kila kitu, mpaka oili chafu ya gari. Mama Mbithi akasema asipopona watoto wa jirani watabeba maji kichwani, na wawili kati yao tayari walikuwa na mapunye, choa hichohicho kichwani. Nikawaambia watoto wapelekwe kliniki. Halafu nikaamua punda apewe vidonge, vile vyeupe vya griseofulvin vinavyoua choa kutoka ndani. Nikauliza ana mimba? Wakasema hawajui, wamemnunua juzi tu. Sikuwaamini wala sikubahatisha. Nilivaa glavu ndefu mpaka begani, nikampima mwenyewe, na hakuwa na kitu. Nikampima kifua kwa utepe, nikapata kilo kama mia na hamsini. Miligramu kumi kwa kila kilo, vidonge vitatu vya miligramu mia tano kwa siku, siku saba. Vidonge ishirini na kimoja nikavihesabu kwenye kopo dogo, mara mbili. Nikaeleza visagwe, vichanganywe na pumba na mafuta kidogo ya kupikia ili dawa iingie vizuri mwilini.

Halafu nikamkabidhi kopo mtu aliyekuwa amesimama karibu. Alikuwa Mueni. Msichana mwembamba, mpole, amevaa sweta ya mikono mirefu kwenye jua lile. Nikamwonyesha jinsi ya kusaga kwa kijiko kwenye sahani. Akaniuliza vizuri sana, mafuta kiasi gani, asubuhi au jioni. Nilimpenda. Nikafikiri, huyu ningemfundisha kazi.

Mimi nimevaa glavu kwa ajili ya punda, Daktari. Yeye nimempa kijiko na mikono mitupu.

Siku ya tano asubuhi nikaenda kuangalia. Mabaka yalikuwa yameanza kukauka pembeni, nikafurahi. Mama Mbithi alikuwa ameenda kanisani kwa mkutano wa akina mama. Nikaomba kopo nihesabu. Siku nne, vidonge kumi na viwili, vilitakiwa vibaki tisa. Nilimwaga kiganjani, vikawa vitano. Nikahesabu tena. Vitano.

Wazo langu la kwanza lilikuwa punda. Nikamuuliza Mueni kwa ukali kama amekuwa akimpa vinne badala ya vitatu. Akasema hapana, vitatu tu, kila asubuhi. Nikamuuliza basi vinne viko wapi. Akaangalia mlango wa jikoni. Halafu akapandisha mkono wa sweta taratibu mpaka kwenye kiwiko, na hapo kwenye ngozi ya ndani palikuwa na choa, duara kubwa kama mfuniko wa chupa ya soda, na dogo pembeni yake.

Akasema alisoma kwenye kopo langu kwamba ni dawa ya choa. Akaona kama inaponya punda itamponya na yeye. Alikuwa anaona haya kwenda kliniki na mabaka, watu wangesema nyumba ya shemasi ni chafu. Kidonge kimoja kila siku, baada ya kumlisha punda.

Nilianza kumkaripia. Niko katikati ya maneno, nikimwambia dawa ya mnyama si ya mtu, akaweka mkono mdomoni, akakimbia nyuma ya jiko, akatapika. Nikamfuata. Nilidhani ni dawa imemchafua tumbo. Alipoinuka akanishika kitambaa changu cha kiuno kwa mikono miwili.

"Mama Mumo, tafadhali usimwambie mwaitu," akasema, maana ndivyo anavyomwita mama mkwe wake, yaani mama. "Ni miezi miwili. Nimepoteza wawili kabla ya huyu. Nilitaka kwanza akae."

Nilikaa chini palepale kwenye majivu.

Kwa sababu hapo ndipo nilipokukumbuka. Nilipokuwa na mimba ya Mumo, ulichukua makopo yote ya vile vidonge ukayapandisha rafu ya juu kabisa, ambako sifiki. Mteja akivitaka wewe ndiye uliyekuwa ukihesabu, wewe ndiye uliyekuwa ukisaga, na mimi unanituma nje nikaangalie kama kuku wa fulani wamefika. Nilikuwa nimefanya kazi na wewe miaka mitatu. Nilifikiri umeona nimekuwa mzito, nimekuwa msahaulifu, huniamini tena. Nilimlalamikia mume wangu. Nusu niache kazi. Na Mumo alipozaliwa na kuacha kunyonya, siku moja nikakuta makopo yamerudi chini, na hukusema neno.

Kwa nini hukuniambia? Nimekuwa nikikuuliza hivyo kwa miezi saba. Nikifagia duka nakuuliza. Nilikuwa mwanafunzi wako, si mtoto. Ulikuwa mtu wa aibu, najua, mambo ya tumbo la mwanamke hukuweza kuyataja, ungeweza kutoa ndama aliyekufa kwa mikono yako mbele ya kijiji kizima lakini neno "mimba" ulilitumia kwa wanyama tu. Ulinilinda kimya kimya. Na kwa kuwa ulinilinda kimya kimya, mimi nilijua swali la kumuuliza punda na sikujua la kumuuliza Mueni. Nimekukasirikia sana, Daktari. Nisamehe. Lakini usidhani imekwisha.

Siku hiyo nilichukua kopo, nikarudi dukani mbio, nikatafuta kile kikaratasi chembamba kinachokunjwa ndani ya boksi, tunachokitupaga. Nikakisoma nimesimama. Kiko wazi. Mwenye mimba asiitumie. Mtoto anaweza kuharibika tumboni. Nilikisoma mara ya pili nikitafuta mahali panaposema siku nne si kitu. Hapakuwepo.

Kesho yake nikampeleka Mueni Kitui. Tulidanganya tunaenda kununua chanjo ya kuku. Daktari aliyetuona alikuwa kijana mtulivu. Alisikiliza, akaandika, akauliza nani alitoa dawa.

"Mimi," nikasema.

Akauliza mimi ni daktari wa nini.

"Wa mifugo."

Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Akatueleza polepole kwamba dawa ikomeshwe, choa kitapakwa mafuta ambayo hayana neno, na mtoto ataangaliwa kwa skani akifika miezi mitano. Mueni akamuuliza mtoto ataharibika? Akasema watoto wengi huzaliwa salama hata baada ya jambo kama hilo, lakini hawezi kumwahidi. Yaani hata yeye hakuwa na hesabu. Mimi niliyezoea miligramu na kilo, nikaambiwa ningoje.

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia Mueni siwezi kukaa na siri hii. Si yangu kuitangaza, nikasema, lakini kama atakubali nitaisema mimi, na lawama iwe yangu. Alilia kidogo, akakubali. Tukamkuta Mama Mbithi anachambua pojo kwenye ungo. Nilipiga magoti. Nilieleza yote, mimba, vidonge, kwamba nilimkabidhi dawa bila kumuuliza chochote. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Halafu akamwambia Mueni aingie ndani apumzike. Akanigeukia mimi.

"Kilonzo asingefanya hivi," akasema. "Dawa zako zisiingie tena kwa hili boma. Na wewe pia."

Kopo na vile vidonge vitano vikabaki dukani. Yule punda wakaendelea kumpaka dawa waliyoitoa duka lingine, akapona baada ya wiki nyingi. Namwona akipita na mitungi yake, shingo imeota manyoya mapya, laini.

Miezi saba hiyo, sijui nikueleze vipi. Mama Mbithi hakunitangaza, hata kanisani. Alikuwa akipita mbele ya duka bila kugeuza kichwa, basi. Hilo lilinitosha. Nilianza kuogopa kazi. Mtu akiniomba dawa ya kupe, nasoma kikaratasi chote mbele yake mpaka anachoka, na wengine wameondoka. Nimeogopa hata vitu ambavyo havina hatari. Nikiona mwanamke mwenye mimba njiani namwangalia tumbo kama mchawi. Nimeota mtoto hana mdomo. Nimeota mtoto ana mgongo uliofunguka na mimi natafuta uzi wa kushonea kwenye begi lako na uzi hauko. Kuna ndoto moja sitakuandikia.

Mbithi ndiye alinipa habari za skani. Alipita dukani siku moja, akasimama mlangoni hakuingia, akasema wameona moyo unapiga, mikono iko, miguu iko, mgongo unaonekana sawa. Nilitaka kumshukuru. Akaongeza kwamba daktari alisema mashine haioni kila kitu. Halafu akaenda. Hakusema kwa ubaya. Nadhani alitaka tu tuwe wengi tunaoogopa.

Sasa ni saa nane mchana. Tangu nianze barua hii nimeangalia simu sijui mara ngapi. Uchungu ulianza alfajiri, mtoto wa kwanza anaweza kuchukua siku nzima, hilo nalijua, nimezalisha ng'ombe na mbuzi na hata yule mbwa wa mwalimu. Lakini kila saa inayopita najiambia wameona kitu na hawataki kunipigia. Halafu najiuliza, wanipigie mimi kwa nini? Mimi ni nani kwao?

Naweka kalamu.

Daktari, amezaliwa.

Mbithi amepiga sasa hivi. Sijui kama mwandiko huu utasomeka. Amesema ni msichana, amelia kwa nguvu, na mama yake ni mzima. Nimemuuliza vidole. Amesema kumi, na chini kumi. Nimemuuliza mdomo, nimemuuliza mgongo, nimemuuliza kichwa, nikasikia sauti yangu inapanda na siwezi kuishusha. Amesema daktari amemgeuza huku na huku, amempitishia mkono kwenye mgongo wote, hakuona kasoro. Watamwangalia tena akiwa na wiki sita na wataendelea kumfuata. Nikasema asante. Nikasema tena asante. Nilikuwa naegemea magunia ya chakula cha kuku.

Halafu simu ikabadilisha mkono. Nilisikia mtu anapumua. Nikajua ni nani kabla hajasema.

"Mama Mumo," Mama Mbithi akasema. Miezi saba sijasikia jina langu mdomoni mwake. "Njoo umwone mtoto. Lakini nawa mikono kwanza."

Sijui kama alikuwa anatania. Sauti haikuwa ya utani. Nilisema sawa, mama, akakata.

Bado naogopa, sitakudanganya. Wiki sita ni mbali, na mtoto ana mambo mengi ndani ambayo mkono wa daktari haufikii. Pengine nitamwogopea mpaka atembee, mpaka aende shule, na nikimsikia anasoma kwa sauti ndipo nitapumua. Na kazi nitaiogopa siku zote. Hiyo nimeikubali.

Lakini nakuahidi hivi. Kila mtu atakayechukua kopo la vidonge hivi mkononi mwangu nitamuuliza, mwanamume au mwanamke, ni nani atakayesaga, ni nani anayeishi kwenye boma, na kama kuna mwenye mimba au anayetarajia. Nitauliza kwa sauti, hata kama mzee wa kanisa amesimama nyuma yake, hata kama nitaona haya kama wewe. Nitawapa glavu. Nitawaambia sababu. Na nikipata wa kumfundisha, nikimwondolea kitu mkononi, nitamwambia kwa nini nimekiondoa.

Nitakuja Tulia mwezi ujao kumwona mama wa nyumbani kwako na kufyeka pale ulipolala. Barua hii nitakuja nayo. Nitakusomea mwenyewe, na ile sehemu ya hasira sitairuka.

Nimeshafunga begi. Nimeosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, chini ya kucha, kati ya vidole, vile ulivyonifundisha kuosha kabla ya kumzalisha ng'ombe. Naenda Kitui kumwona mtoto.

Kwaheri, mwalimu wangu. Pumzika.

Mwanafunzi wako,
Kavata